Nataka kurudi Mlima Kenya kuzisoma alama za barafu: nianzie bonde gani?

Mwalimu_wa_Kisauni

Assalaam aleikum, na salamu kwa kila mmoja kwa namna yake.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari upande wa Kisauni, hapa Mombasa. Mwaka jana nilipanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza, nikiongozwa na kampuni moja ya utalii, nikafika Point Lenana penye mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Kufika nilifika, lakini kuuona mlima sikuuona. Tuliingia kwa lango la Sirimon, tukalala usiku mmoja kambi ya Old Moses na mwingine kambi ya Shipton, tukaamshwa saa nane za usiku na kupanda gizani kwa mwanga wa tochi, kichwa kikinigonga na macho yangu yakiwa kwenye visigino vya aliyenitangulia. Jua lilipochomoza tulipiga picha, kisha tukateremka mbio kwa sababu gari lilikuwa likitusubiri langoni. Bonde la Mackinder, ambalo nimelichora ubaoni kwa miaka 11 kama mfano wa bonde lililochongwa na barafu, nililipita nusu usingizini. Nilipomuuliza kiongozi wetu kuhusu mawe makubwa yaliyotapakaa chini ya Shipton, alinijibu kwamba hayo ni mawe tu.

Jambo hili limenikaa moyoni, na limezidi tangu muhula uliopita, pale msichana mmoja wa kidato cha tatu aliponyanyua mkono na kuuliza: "Mwalimu, barafu ilipokuwa imejaa kule mlimani, hapa kwetu Mombasa palikuwaje?" Nilimjibu kwamba Mombasa iko mbali na barafu haikuwahi kufika pwani. Jibu lilikuwa kweli, lakini niliona halikumtosha, na baadaye nikatambua kwamba hata mimi halikunitosha.

Nakusudia kurudi mlimani katika likizo ya Agosti, safari hii kwa ajili ya kuitazama nchi yenyewe na si kwa ajili ya kilele. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni bonde gani linaonyesha vizuri zaidi kazi ya barafuto, yaani ule mto wa barafu unaotambaa polepole kuteremka mlima, na nitatofautishaje kwa macho yangu kilichofanywa na barafu na kilichofanywa na mto au na volkano. Nasikia pia kwamba barafu yenyewe imekaribia kwisha. Je, bado iko ya kutazamwa? Na mtu anayelala kila siku kwenye usawa wa bahari ajitayarishe vipi ili kichwa kisimnyime tena safari yake?

Kiongozi_wa_Chogoria

Mwalimu, salamu kutoka Chogoria. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni mlimani kwa miaka mingi, na nilipoanza nilikuwa mpagazi. Jibu hilo la "mawe tu" limenihuzunisha, kwa sababu mawe hayo ndiyo maandishi uliyokwenda kuyasoma.

Ushauri wangu ni kwamba uingie kwa lango la Chogoria na utokee Sirimon, ukitumia siku zisizopungua tano. Njia ya Chogoria hupita juu ya ukingo wa bonde la Gorges, na kutoka mahali panapoitwa The Temple utasimama juu ya jabali lililokatwa wima, chini yako kwa takriban mita 300 likiwapo Ziwa Michaelson. Nimewaona watu wengi wakinyamaza wanapofika hapo. Tazama kwanza umbo la bonde: mto hukata nchi kwa umbo la herufi V na hupindapinda ukizikwepa pua za vilima, ilhali barafuto haikwepi kitu, hukata pua hizo na kuacha bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama, mfano wa herufi U. Kisha tazama ziwa. Mto hauwezi kuchimba shimo lenye kina kuliko mahali maji yake yanapotokea kwenda mbele, kwa sababu maji hayapandi mlima. Barafu nene husukumwa na uzito wake yenyewe, huweza kuchimba chini, kisha ikapanda na kuvuka kizingiti cha mwamba kilicho mbele yake. Ilipoyeyuka, shimo lile likajaa maji. Kwa hiyo ukiona ziwa limekaa juu ya mwamba katika sakafu ya bonde la namna hiyo, na mbele yake mwamba umeinuka kidogo kabla ya maporomoko, ujue kwamba mto peke yake haukuweza kulichimba.

Wageni wengi huniambia kwamba Michaelson ni kreta, yaani mdomo wa volkano. Sivyo. Nyinyi watu wa pwani mnalo ziwa la kreta la kweli, Ziwa Chala kule Taveta, ambalo limezungukwa na ukingo wake pande zote; Michaelson limefunguka upande wa bonde, na maji yake huutoa mto Nithi, ambao mwishowe huingia Tana na kufika bahari yenu. Hata vilele vyenyewe, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, si ukingo wa kreta. Hivyo ni kizibo cha mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kreta na sehemu kubwa ya mlima uliokuwa juu ya kizibo hicho vimekwisha kuliwa, na barafu ni mmoja wa walaji wakubwa.

Ukishavuka kuelekea kaskazini na kuteremka bonde la Mackinder, ambalo safari hii utalipita mchana, tafuta mirundiko ya kifusi iliyokaa kama matuta marefu kandokando ya bonde au kukatiza katikati yake. Piga magoti uchunguze kilichomo. Mto huchambua mzigo wake: mchanga huuweka huku, changarawe kule, na mawe yake huyaviringisha mpaka yawe mviringo. Barafu haichambui. Ndani ya tuta moja utakuta jiwe lenye ukubwa wa nyumba, kokoto zenye kona kali na unga laini wa mwamba, vyote vimechanganyika kama vilivyomwagwa. Wataalamu huyaita matuta haya moreni. Katika mlima wetu moreni za kale hupatikana chini hadi karibu mita 3,200, ilhali barafu iliyobaki leo iko juu ya mita 4,600. Mwendo wa miguu kati ya sehemu hizo mbili, ambao ni siku nzima na zaidi kwa mtu mwenye busara, wote ni nchi iliyokuwa chini ya barafu.

Kuhusu barafu iliyobaki, sitakuficha. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899 barafuto za mlima huu zilikuwa 18. Leo nyingi hazipo. Ile ya Gregory ilitoweka yapata mwaka 2011. Ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na mwaka 2014 ikakatika vipande viwili. Nakumbuka nilipokuwa mpagazi kijana tulikuwa tukikanyaga barafu mahali ambapo sasa nakanyaga changarawe, na kila ninapopita hapo na wageni huwaonyesha kwa mkono ilikofika. Nenda ukaione, Mwalimu, na ukiweza uwapeleke wanafunzi wako mapema.

Ikiwa utapata siku ya ziada, zunguka upande wa magharibi hadi mbele ya barafuto ya Tyndall. Mwaka 1997 mabaki ya chui yalitokea hapo barafu ilipoyeyuka, na yalipopimwa yalionekana kuwa na umri wa takriban miaka 900. Utaona pia jinsi mimea inavyoifuata barafu inaporudi nyuma: wa kwanza kukanyaga kifusi kipya ni senesio mfupi mwenye maua ya manjano, na wale wakubwa wenye shina kama mtu aliyevaa koti huja nyuma sana, ardhi ikishakuwa na udongo kidogo.

Na sasa kichwa chako. Hukuumwa kwa sababu ya udhaifu. Uliumwa kwa sababu ulipandishwa haraka. Penye mita 5,000 kila pumzi hukupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoipata Kisauni, na mwili unahitaji siku, si saa, kulizoea jambo hilo. Lala usiku wa kwanza karibu na lango la Chogoria, penye karibu mita 2,950. Siku ya pili nenda hadi Ziwa Ellis na ulale huko. Siku ya tatu fika ukingo wa Gorges, na ubaki hapo siku nyingine nzima ukitembea na kurudi kulala palepale. Kunywa maji hata kama huna kiu. Maumivu madogo ya kichwa yakija, usipande tena mpaka yaishe. Ikiwa yatafuatana na kutapika, kuyumba au kuchanganyikiwa, teremka wakati huohuo, hata iwe usiku, na kiongozi yeyote atakayekuambia uvumilie kwa sababu ratiba imebana usimsikilize.

Msafiri_wa_Bamburi

Mwalimu, nina neno dogo la njiani. Ukipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, kaa upande wa kushoto na usilale baada ya Mtito Andei, kwa kuwa anga likiwa safi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana kusini-magharibi na weupe wake juu. Utakuwa umeanza somo lako kabla hujafika Nairobi. Kutoka Nairobi matatu za njia ya Embu na Meru hupita karibu na Chogoria, na wakati wa kurudi, ukitokea Sirimon, utapandia Nanyuki. Chukua koti zito kuliko unalodhani kwamba linatosha. Sisi wa huku hatuijui baridi mpaka tulale ndani yake.

Binti_wa_Kibokoni

Mwalimu, assalaam aleikum. Nimezaliwa Kibokoni na sasa ni mwaka wa tisa naishi Bergen, nchini Norwei, ambako mume wangu anafanya kazi. Naandika kwa sababu nchi hii yote imechongwa na barafu, na nilipofika sikuwa na macho ya kuiona. Nilichokiona kilikuwa mandhari mazuri, basi. Aliyenifungua macho ni marehemu baba yangu, ingawa hakuwahi kukanyaga huku.

Baba alikuwa seremala wa milango. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimtazama akimalizia kazi kwa majani ya msasa, akinieleza kwamba jani lenyewe halikati kitu, kinachokata ni vile vijipunje vigumu vilivyomo, na mkono ndio unaovisukuma. Mwaka wangu wa pili huku tulitembea hadi Nigardsbreen, mkono mmoja wa Jostedalsbreen, ambayo ni barafuto kubwa kuliko zote katika Ulaya bara, bila kuhesabu visiwa, na mbele yake nikakuta mwamba mpana uliolainika kama ubao uliopigwa msasa, una mikwaruzo mirefu iliyonyooka, yote imeelekea upande mmoja. Nikamkumbuka baba pale pale. Barafu ni laini kuliko mwamba na peke yake haiwezi kuukwaruza. Mawe iliyoyakamata tumboni mwake ndiyo vijipunje, na uzito wake ndio mkono. Nikatambua pia kwamba mikwaruzo inamwonyesha mtu barafu ilitokea wapi na ilikuwa ikielekea wapi. Tafuta mikwaruzo hiyo kwenye miamba iliyo wazi ya Mlima Kenya, hasa asubuhi au jioni jua likiwa chini, maana mchana kivuli chake hakionekani.

Kwenye bonde hilohilo la Nigardsbreen kuna jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walijue. Barafuto ile ilifika mbali kuliko wakati wowote wa karne za karibuni mwaka 1748, ikavunja mashamba, na tuta la kifusi chake cha mwaka huo bado lipo. Tulianza kutembea pale tukaenda juu, tukivuka tuta baada ya tuta, kila moja likiwa ni alama ya mahali barafu ilipotua kwa muda kabla ya kuendelea kurudi nyuma. Mwanzoni tulikuwa ndani ya msitu, kisha vichaka, kisha nyasi chache, kisha mawe matupu yenye unyevu, na mwisho barafu yenyewe, ya rangi ya buluu. Mto unaotoka chini yake ni wa kijani kizito kama maji yaliyotiwa maziwa, kwa sababu umebeba unga wa mwamba uliosagwa. Kiongozi wa Chogoria amesema jambo hilohilo kuhusu mimea ya Tyndall, na nimefurahi sana kulisoma.

Kisha kuna fiyodi, yaani hori refu la bahari kati ya milima, na hapa ndipo nilipoikumbuka Mombasa. Kutoka stesheni ya Myrdal, penye mita 867 juu ya bahari, treni huteremka kwa kilomita 20 hadi Flåm, karibu na ufuo, ikipita kwenye maporomoko yanayodondoka kutoka mabonde madogo yaliyoachwa yakining'inia juu ya bonde kubwa. Mabonde hayo yananing'inia kwa sababu barafu ndogo zilizokuwa ndani yake hazikuweza kuchimba kwa kina sawa na barafu kubwa iliyopita chini. Flåm iko kwenye tawi la fiyodi ya Sogne, hori la bahari lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha zaidi ya mita 1,300. Siku ya kwanza nilipopanda chombo hapo nilimwambia mume wangu kwamba hili ni kama hori la Tudor la kwetu Mombasa lililokuzwa na kuwekewa milima. Sijui kama nilikosea, na ningependa mwenye kujua anisahihishe.

Mwalimu_wa_Kisauni

Nimesoma majibu yenu mara mbili na nimeyaandika daftarini. Kiongozi, nashukuru hasa kwa lile la ziwa na kizingiti chake. Kwa miaka yote hiyo niliwafundisha wanafunzi umbo la U bila kuwapa sababu ambayo mtoto anaweza kuipima kwa akili yake. Dada wa Kibokoni, Mungu amrehemu baba yako. Kesho nitaingia darasani na jani la msasa.

Swali lako la mwisho limenirudisha kwenye swali la mwanafunzi wangu. Je, hori la Tudor na fiyodi ni ndugu au wanafanana kwa sura tu?

Nahodha_Mstaafu

Mwalimu, na wewe binti yangu wa Kibokoni, waleikum salaam. Nilikuwa rubani wa meli katika bandari ya Kilindini hadi nilipostaafu, na swali hili nimeishi ndani yake.

Wanafanana, na wana sababu moja ya kujaa maji, lakini hawakuchimbwa na mkono mmoja. Fiyodi ilichimbwa na barafu yenyewe. Mahori yetu yalichimbwa na mito, na barafu iliyohusika ilikuwa mbali sana, hasa Amerika ya Kaskazini na Ulaya ya Kaskazini. Yapata miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu za nchi kavu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko leo kwa takriban mita 120. Hapa kwetu sakafu ya bahari huteremka ghafla nje ya mwamba, kwa hiyo ufuo haukusogea mbali sana kuelekea mashariki, lakini ulishuka sana. Mito iliyokuwa ikielekea baharini, Kombeni na Tsalu upande wa Tudor, Mwache na wenzake upande wa Port Reitz, ilijikuta ina mteremko mkubwa wa kuufikia ufuo ule wa chini, ikachimba kwa nguvu na kukata makorongo. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuingia ndani ya makorongo hayo. Maji unayoyavuka kwa feri ya Likoni yamekaa juu ya bonde la mto uliozama.

Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako hivi: wakati barafu imejaa mlimani, kisiwa cha Mombasa hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima cha mawe ya matumbawe kati ya makorongo mawili, na mtu angeweza kutembea kutoka Likoni hadi Kisauni bila kuvuka maji ya chumvi, isipokuwa mito michache.

Binti yangu, tofauti utaiona ukipima kina. Kule kwenu barafu ilikuwa nene ndani ya nchi na ikapungua unene ilipokaribia bahari, kwa hiyo fiyodi ina kina kikubwa katikati na kizingiti cha kina kidogo mlangoni, jambo lilelile alilolieleza Kiongozi kuhusu Ziwa Michaelson. Mto hufanya kinyume: bonde lake huzidi kuteremka kuelekea mdomoni. Ndiyo maana mbele ya mahori yetu mwamba wa matumbawe umekatika na kuacha mlango. Meli nilizoziingiza bandarini kwa miaka mingi zilipita kwenye njia ambayo mto ulianza kuikata kabla yetu sote. Wazee walipoliita hori la kusini Kilindini, mahali penye kilindi, walikuwa wanataja alama ya bahari iliyoshuka na kupanda, ingawa sababu yake haikuwa imejulikana.

Tena usidhani kwamba bahari imewahi kuwa chini tu. Nenda na wanafunzi chini ya Ngome ya Yesu maji yakiwa yamekupwa sana, lakini angalia saa ya maji kujaa ili usinaswe. Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya jabali la matumbawe, na ndani ya jabali hilo utaona maumbo ya matumbawe yaleyale yanayoishi leo kwenye mwamba wa nje. Matumbawe hayajengi nchi kavu. Yalijengwa chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati barafu za dunia zilikuwa ndogo kuliko sasa na bahari ilikuwa juu ya usawa wa leo kwa mita kadhaa. Hivyo katika hatua chache, kutoka jabali la Ngome hadi kwenye kina cha hori, mtu anakuwa na alama mbili: moja ya dunia yenye barafu kidogo, nyingine ya dunia yenye barafu nyingi.

Niongeze jambo moja la Rabai, kwa kuwa mto Kombeni unatoka upande huo. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akiishi Rabai, alitoka na msafara wa miguu kuelekea Uchagga, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, kiongozi alisema ni baridi. Mmisionari mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Habari zilipofika Ulaya, wako wataalamu waliokataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na mzozo huo ulichukua miaka. Mimi huwa namfikiria yule kiongozi. Hakuwa na neno la theluji kwa sababu hakuwa na haja nalo, lakini alilolisema lilikuwa sahihi, na lilisemwa na mtu aliyeuona mlima kwa macho yake.

Kiongozi_wa_Chogoria

Mzee wangu, nimeongoza watu juu ya Michaelson mara nyingi mno, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba mlango wa bandari ni kinyume cha kizingiti cha ziwa langu. Nitaanza kuwaeleza wageni wanaotoka pwani.

Mwalimu, ukishajua tarehe zako, chagua siku ambayo mwezi si mpevu sana ikiwa unapenda nyota, lakini kwa kusoma nchi mwezi mpevu ni bora zaidi, kwa sababu pale The Temple mwanga wake wa pembeni huonyesha kila tuta lililo chini bondeni. Uje na kamba ndefu yenye uzito mwishoni ikiwa utapenda kumwonyesha mtu kina cha viziwa vidogo vya Hall Tarns. Vina kina kidogo, na watoto wataona wenyewe kwamba katikati ni chini kuliko mdomoni.

Mwalimu_wa_Kisauni

Nahodha, shikamoo, na ahsante. Nimebadili mpango wangu. Jumamosi ya bamvua inayokuja, maji yakiwa yamekupwa, nitawapeleka wanafunzi 30 chini ya Ngome, kisha tutavuka Likoni kwa feri, kila mmoja akiwa na mchoro wa bonde lililo chini ya maji. Agosti nitapanda na walimu wenzangu wawili kwa njia ya Chogoria, siku sita, na Kiongozi nitakuandikia kuhusu kamba.

Yule msichana nimemsomea jibu lako lote mbele ya darasa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mto Kombeni unaweza kufuatwa kwa miguu kutoka Rabai mpaka pale maji yake yanapoanza kuwa ya chumvi, ili aone mahali bahari iliposimama. Sikuwa na jibu. Je, mzee wangu, njia ipo?

Nahodha_Mstaafu

Marahaba, Mwalimu. Njia ipo, ingawa sehemu za chini ni mikoko na matope, na ni lazima kwenda na mvuvi wa huko anayejua saa za maji. Mwambie binti asiangalie maji, aangalie miti: pale mikoko inapokoma ndipo chumvi inapokoma. Nitawasubiri upande wa Tudor.